Kuficha Taarifa Ndani ya Picha na Kuirudisha Picha Kama Ilivyokuwa

Hotuba iliyotolewa jijini Mwanza mbele ya wataalamu wa mionzi, watunza kumbukumbu za afya, mawakili na wanafunzi wa kompyuta

Mheshimiwa Mwenyekiti, wataalamu wa mionzi mliotoka katika hospitali za Kanda ya Ziwa, watunza kumbukumbu, mawakili mlioacha mafaili yenu kwa saa moja, wanafunzi, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuficha taarifa ndani ya picha za kidijitali, na hasa ile njia ambayo, taarifa ikishatolewa, picha hurudi kuwa ileile ya awali, pikseli kwa pikseli, yaani nukta kwa nukta, bila tofauti ya hata namba moja. Nitaiita alama fiche inayorejesheka. Muda mwingi nitautumia kwenye picha za tiba, kwa kuwa ndizo zinazopita mikononi mwenu kila siku, na kwa kuwa ndiko njia hii ilikopata hoja yake yenye nguvu. Msimamo wangu nautaja mapema ili mnipime nao: picha inayotegemewa kuamua uhai wa mtu au haki yake haifai kutiwa alama ya kudumu, hata iwe ndogo kiasi gani, na wala haifai kuachwa bila alama yoyote. Kati ya makatazo haya mawili imebaki njia nyembamba, nayo ndiyo ninayotaka tuipite pamoja.

Picha ya kidijitali, tukiitazama kama kompyuta inavyoitazama, ni jedwali la namba. Picha ya kawaida isiyo na rangi ina pikseli zilizopangwa kwa safu, na kila pikseli imepewa namba kuanzia 0, ambayo ni weusi kamili, hadi 255, ambayo ni weupe kamili, na namba hiyo huhifadhiwa kwa biti 8, yaani tarakimu nane ambazo kila moja ni 0 au 1. Mashine nyingi za eksirei za kidijitali huenda mbali zaidi: hutumia biti 12 na kuendelea, na biti 12 hutoa viwango 4,096 vya mwanga, huku picha moja ya kifua ikiwa na pikseli milioni kadhaa. Njia kongwe na rahisi ya kuficha ujumbe ndani ya jedwali hilo ni kuchukua biti ya mwisho ya kila pikseli, ile yenye uzito mdogo kuliko zote, na kuandika biti ya siri mahali pake. Pikseli yenye namba 154 ikipewa kubeba 1 huwa 155, ikipewa kubeba 0 hubaki 154. Jicho la binadamu halitofautishi. Lakini ukishaandika juu ya biti ile, biti ya awali imepotea moja kwa moja. Anayekuta 155 hana njia ya kujua kama pale palikuwa na 154 au 155 tangu mwanzo.

Wahandisi wengi hujibu kwa kuuliza kwamba tofauti ya kiwango kimoja kati ya 256 itamdhuru nani. Swali hilo lina haki ya kujibiwa bila kutiwa chumvi. Kwa kweli, mara nyingi haitamdhuru mtu yeyote. Daktari bingwa wa radiolojia anayetafuta ule mstari mwembamba wa ukingo wa pafu lililosinyaa baada ya hewa kuingia kifuani, au yule anayetafuta vichembe vya kalsiamu kwenye picha ya titi, hatazuiwa na mabadiliko ya namba moja moja yaliyotawanyika. Tatizo liko pengine. Siku familia ya mgonjwa inapodai kwamba ugonjwa ulionekana na haukusomwa, na picha ikaletwa mezani kama ushahidi, hakuna mtu atakayeweza kuthibitisha kwamba kwenye picha ile mahususi, mahali pale mahususi, mabadiliko hayakuhusika, kwa sababu picha ya awali haipo tena. Daktari anabaki akitetea usomaji wa picha ambayo hospitali yenyewe imekiri kuwa iliibadilisha. Ongezeni kwamba siku hizi picha hizi zinasomwa pia na programu za kompyuta, ambazo hazina jicho la kusamehe: kwao 154 na 155 ni namba mbili tofauti.

Jambo hili haliishii hospitalini. Watafiti wanaofuatilia magugumaji kwenye Ghuba ya Mwanza kwa picha za setilaiti hawatazami picha hizo kwa uzuri wake. Wanakokotoa uwiano wa mwanga mwekundu na ule wa karibu na infraredi uliopimwa katika kila pikseli, na kutokana na uwiano huo ndipo wanapotenganisha mmea na maji. Ukimpa mtafiti picha iliyotiwa alama ya kudumu umempa vipimo vilivyoguswa. Mwenye picha anayo haki ya kuweka alama ya umiliki wake, na mtafiti anayo haki ya kupata vipimo vilivyo safi. Haki zote mbili zinatimizwa tu pale ambapo alama inaweza kuondolewa na mwenye ruhusa.

Wazo la kuweka alama na kuiondoa bila kuacha kovu lilianza kuonekana kwenye hataza za Marekani, yaani hati za kulinda haki za wavumbuzi. Mwaka 1997 James Barton alipewa hataza ya njia ya kupachika taarifa za uthibitisho ndani ya data za kidijitali, ambapo biti zitakazoandikwa juu yake hubanwa kwanza, yaani hufupishwa bila kupoteza kitu, na kuhifadhiwa ndani ya data zilezile. Mwaka 2001 watafiti wa kampuni ya Eastman Kodak, akiwemo Chris Honsinger, walipata hataza ya njia nyingine: walijumlisha alama kwenye namba za pikseli kwa hesabu ya mzunguko, ambamo 255 ikiongezwa 1 haiendi 256 bali inarudi 0. Kihesabu ni safi kabisa, kwa sababu kilichojumlishwa kinaweza kutolewa. Kwa macho ni balaa, maana pikseli iliyokuwa nyeupe kabisa inageuka nyeusi kabisa, na picha inajaa vidoa mithili ya pilipili manga iliyomwagwa. Katika miaka hiyohiyo Jessica Fridrich na wenzake walikuwa wakionyesha njia za kubana sehemu ya picha ili kupata nafasi ya kuandika.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu wanafunzi huniuliza nafasi hiyo inatoka wapi. Ikiwa namba zote za picha lazima zirudi kama zilivyokuwa, ujumbe wa ziada unakaa wapi? Jibu ni kwamba picha za dunia halisi zina marudio mengi. Pikseli moja inafanana sana na jirani yake. Ukijua moja, umekaribia kuijua ya pili. Kufanana huko kunamaanisha kwamba picha inatumia biti nyingi kuliko inavyohitaji kujieleza, na ile ziada ndiyo tunayoipangisha. Ukiniletea picha ambayo pikseli zake zimetupwa ovyo bila uhusiano wowote, kama zile chenga za televisheni isiyo na stesheni, sitaweza kuficha kitu humo na kuirudisha picha ilivyokuwa.

Aliyeitumia ziada hiyo kwa ustadi ni Jun Tian, katika makala yake ya mwaka 2003. Hesabu yake ni fupi kiasi kwamba naweza kuifanya hapa mbele yenu. Chukua pikseli mbili jirani, moja ina 120 na nyingine 117. Wastani wake, tukiacha desimali, ni 118, na tofauti yake ni 3. Tian anauacha wastani ulivyo, anaizidisha tofauti mara mbili, kisha anaongeza biti anayotaka kuificha. Tukificha 1, tofauti mpya ni 3 mara 2 jumlisha 1, yaani 7, na jozi yenye wastani wa 118 na tofauti ya 7 ni 122 na 115. Hizo ndizo zinazotumwa. Anayezipokea anajumlisha 122 na 115, anapata 237, nusu yake bila desimali ni 118: wastani haukuguswa. Anatoa 115 kwenye 122, anapata 7. Kwa kuwa 7 ni namba witiri, siri iliyokuwamo ni 1. Anaiondoa, 6 inabaki, anaigawa kwa mbili, 3. Jozi yenye wastani wa 118 na tofauti ya 3 ni moja tu duniani, 120 na 117. Siri imetoka na picha imerudi, na hakuna kilichokisiwa.

Uzuri huo una mpaka wake. Chukua jozi ya 254 na 250. Wastani ni 252, tofauti ni 4. Tukificha 0 tofauti inakuwa 8, na pikseli ya kwanza inapaswa kuwa 256, namba ambayo haipo kwenye biti 8. Jozi kama hiyo haiwezi kutumika, na msomaji lazima ajue kwamba haikutumika. Kwa hiyo Tian anatengeneza ramani ya jozi zilizotumika na zisizotumika, anaibana, na kuificha ramani yenyewe ndani ya picha pamoja na ujumbe. Wanafunzi, msiidharau ramani hii. Katika programu nilizopata kuzikagua, hitilafu nyingi zilikuwa kwenye ramani, na ni chache mno zilizokuwa kwenye hesabu ya jozi: imekatwa mahali, imebanwa vibaya, au imesahau ukingo wa picha wenye safu isiyo na jirani.

Njia ya pili ninayotaka muijue ilichapishwa mwaka 2006 na Zhicheng Ni, Yun Shi, Nirwan Ansari na Wei Su, nayo kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi hospitalini. Hawa hawakuhangaika na jozi. Walihesabu ni pikseli ngapi zina kila namba, wakachora histogramu, wakatafuta namba inayojirudia kuliko zote na namba isiyotumika kabisa. Tuseme inayojirudia sana ni 87 na isiyotumika ni 201. Pikseli zote zenye namba kuanzia 88 hadi 200 zinaongezwa 1 kila moja, hivyo 201 inapata wenyeji na 88 inabaki tupu. Ni kama kondakta wa daladala anayewaambia abiria wote wasogee kiti kimoja kuelekea kile kilicho wazi nyuma, ili nafasi ipatikane mlangoni, isipokuwa kwamba hapa safari ikiisha kila abiria anarudi kwenye kiti chake. Nafasi ya 88 ikishapatikana, tunapita kwenye pikseli zenye 87 moja baada ya nyingine: inayobeba 0 inaachwa 87, inayobeba 1 inasogezwa 88. Msomaji akikuta 87 anaandika 0, akikuta 88 anaandika 1 na kuirudisha 87, na zile za 89 hadi 201 anazipunguza 1 kila moja. Anachohitaji kujua ni namba mbili tu, 87 na 201.

Kwa njia hii hakuna pikseli inayobadilika kwa zaidi ya kiwango kimoja, na kutokana na hilo pekee inathibitika kihesabu kwamba ubora wa picha ya biti 8 iliyotiwa alama, ukipimwa kwa kipimo kinacholinganisha ishara na kelele, haushuki chini ya desibeli 48.13. Kwenye picha moja maarufu ya majaribio, yenye pikseli 512 kwa 512, waandishi wale waliweza kuficha biti 5,460. Mtu aliyezoea kuhesabu kwa gigabaiti atacheka, kwa kuwa hizo hazifiki hata baiti 700. Lakini tunataka kuficha nini? Muhtasari wa kihesabu wa aina ya SHA-256, yaani namba fupi inayokokotolewa kutokana na picha nzima na kubadilika picha ikiguswa popote, unachukua biti 256. Namba ya usajili wa picha, tarehe, saa na utambulisho wa mashine havimalizi biti 1,000. Tena picha za mionzi zina neema ambayo picha za mitaani hazina: eneo kubwa jeusi linalozunguka mwili. Maelfu kwa maelfu ya pikseli za eneo hilo zina namba ileile, hivyo kilele cha histogramu kinakuwa kirefu mno na nafasi inakuwa tele.

Baada ya hapo watafiti wameendelea kuboresha. Diljith Thodi na Jeffrey Rodríguez, mwaka 2007, walionyesha kwamba badala ya kutumia tofauti ya pikseli mbili ni afadhali kuikisia pikseli kutokana na majirani zake kadhaa na kutumia kosa la makisio, kwa kuwa kosa hilo huwa dogo zaidi na hujirudia zaidi. Njia nyingi za leo ni watoto na wajukuu wa fikra hizo tatu, na sitawachosha kwa ukoo mzima.

Niingie sasa kwenye matumizi. Mgonjwa anapigwa eksirei. Kabla picha haijaondoka kwenye mashine ya mteknolojia wa mionzi kwenda kwenye seva, programu inakokotoa muhtasari wa SHA-256 wa picha nzima, inauwekea saini ya kidijitali kwa ufunguo wa siri wa hospitali, yaani namba ndefu ambayo hospitali pekee inayo, na kuificha saini hiyo ndani ya picha pamoja na namba ya usajili. Picha inasafiri hivyo. Daktari bingwa anapoifungua, programu yake inaitoa saini, inairudisha picha kama ilivyozaliwa, inakokotoa muhtasari upya na kuulinganisha na ule uliotiwa saini. Vikilingana, anachosoma ni kile mashine ilichokiona. Visipolingana, kuna mkono uliopita katikati, uwe wa hitilafu au wa mtu.

Neno ufunguo msilipite haraka. Kama mtaficha muhtasari mtupu, bila saini wala ufunguo, hamjalinda chochote, kwa sababu njia zenyewe zimechapishwa na kila mtu anazijua: mhalifu ataitoa alama, atairudisha picha, ataibadilisha apendavyo, atakokotoa muhtasari mpya na kuuficha mlemle, na programu yenu itamwambia daktari kwamba kila kitu ni salama. Alama fiche ni mahali pa kuiweka saini, na ulinzi wenyewe uko kwenye ufunguo. Kwamba hatari hii si ya kufikirika ilionyeshwa mwaka 2019 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion nchini Israeli, ambao walitengeneza programu inayoingilia picha za CT, zile za mionzi zinazoonyesha mwili vipande kwa vipande, zikiwa njiani ndani ya mtandao wa hospitali na kuongeza au kuondoa dalili za saratani ya mapafu. Madaktari bingwa walioonyeshwa picha hizo walidanganyika kwa sehemu kubwa, na hata baada ya kuambiwa kwamba baadhi zimechezewa, bado iliwawia vigumu kuzitambua.

Msikilizaji makini ataniuliza kwa nini tusiiweke saini kwenye kichwa cha faili, ile sehemu ya maelezo inayotangulia pikseli. Muundo wa DICOM, unaotumiwa na mashine za mionzi duniani kote, una nafasi ya jina la mgonjwa, tarehe, mashine, na hata saini za kidijitali. Swali hilo ni zuri kuliko majibu mengi yanayotolewa. Mahali ambapo picha haitoki kamwe kwenye mfumo, saini ya kwenye kichwa cha faili inatosha, na mimi mwenyewe ningeshauri iwe hiyo. Lakini hebu tuwe wakweli kuhusu safari ya picha katika kanda yetu. Mgonjwa wa Ukerewe anapanda meli akiwa na bahasha kwapani. Mgonjwa wa Sengerema hangoji tena kivuko tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, ila picha yake inaweza kuletwa kwenye flashi, imetolewa kwenye DICOM na kuhifadhiwa kwa muundo mwingine ili ifunguke kwenye kompyuta yoyote. Katika kugeuzwa huko kichwa cha faili kinabaki nyuma, na pamoja nacho saini, jina na tarehe. Pikseli ndizo zinazosafiri. Kilichofichwa ndani ya pikseli kinasafiri nazo, mradi faili imegeuzwa kwa muundo usiopoteza kitu, kama PNG au TIFF isiyobanwa, na mradi kina cha biti hakikupunguzwa.

Na mradi huo ndio mlango wa tatizo kubwa. Alama hizi ni dhaifu. Picha ikibanwa kwa JPEG ya kawaida, namba za pikseli zinakadiriwa tu na hazibaki zilivyokuwa, na ujumbe wote unaangamia. Ikipunguzwa ukubwa, vivyo hivyo. Ikipigwa picha kwa simu kutoka kwenye kioo cha kompyuta, ndiyo kabisa, kwa sababu hiyo ni picha nyingine iliyozaliwa upya. Najua, na ninyi mnajua, kwamba picha nyingi za mionzi zinafika kwa daktari bingwa kupitia WhatsApp, ambayo kwa kawaida huibana kila picha inayotumwa kama picha. Ikitumwa kama nyaraka faili hufika bila kubanwa, na huo ni ujanja mdogo unaofaa kujulikana, ingawa siupendekezi kama utaratibu wa hospitali, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa ni taarifa nyeti, na simu binafsi ya mtumishi si kabati la taarifa nyeti.

Udhaifu huo una sura mbili, na watu huiona moja tu. Mtu anayetaka alama ya umiliki isiyobanduka, kama kile kivuli cha sura ya Mwalimu Nyerere kinachoonekana noti ikimulikwa kwenye mwanga, asije kwetu, maana alama inayorejesheka imetengenezwa ili itoke. Anayetaka kujua kama picha imeguswa, kwake udhaifu ndio kazi yenyewe. Alama iliyovunjika ni taarifa. Inachoshindwa kusema ni nani aliyeivunja na kwa nia gani: programu iliyobana picha bila hila na mlaghai aliyefuta uvimbe vinaleta jibu lilelile, kwamba haithibitiki. Ndiyo maana nasema utaratibu wa kutuma picha urekebishwe kwanza, kisha alama ifuate. Hospitali itakayonunua programu hizi huku picha zikiendelea kupita kwenye simu itapata maonyo ya uongo kila siku, na mwezi wa pili watumishi watakuwa wameshazoea kubofya kitufe cha kupuuza.

Kuna wanaokuja kwenye somo hili wakitafuta siri ya aina nyingine, yaani kuwasiliana bila mtu yeyote kujua kwamba mawasiliano yapo. Kwao njia nilizozieleza hazifai sana. Histogramu iliyosogezwa inajianika: palipokuwa na kilele kimoja sasa pana viwili vinavyokaribiana urefu, na mchunguzi mwenye uzoefu ataliona hilo bila kutoka jasho. Tunachokificha hospitalini hatuogopi kijulikane kuwa kipo. Tunachotaka ni kwamba asiye na ufunguo asiweze kukighushi, na kama kina jina la mgonjwa, asiweze kulisoma. Kwa hiyo ujumbe wenyewe usimbwe fiche, yaani ugeuzwe usisomeke bila ufunguo, kabla ya kupachikwa. Kupachika peke yake si kufunga.

Kwa hospitali zinazofikiria kuhifadhi picha zao kwenye seva zilizo nje ya Mwanza, kuna tawi la somo hili linalostahili masikio yenu. Mwaka 2011 Xinpeng Zhang alichapisha njia ya kupachika taarifa ndani ya picha ambayo tayari imesimbwa fiche. Maana yake ni hii: hospitali inaifunga picha kwa ufunguo wake na kuituma, msimamizi wa seva, ambaye anaona mchanganyiko tu wa namba zisizosomeka, anaweza kuongeza lebo zake za uhifadhi ndani ya picha hiyo bila kuona kifua cha mtu yeyote, na daktari mwenye ufunguo anaifungua picha na kuipata kamili. Kwenye njia ile ya kwanza urejeshaji ulikuwa na uwezekano mdogo wa kukosea pale vipande vya picha vilivyotumika vilipokuwa vidogo mno, na kazi zilizofuata zimeshughulika na hilo. Mkiletewa bidhaa ya aina hii, liulizeni swali hilo moja kwa moja, na mtake kuona picha iliyorudi ikilinganishwa na ya awali kwa muhtasari wa kihesabu, wala si kwa macho.

Mawakili, nisiwasahau. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa data kupokelewa kama ushahidi, na katika kupima uzito wake inaelekeza kutazama jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyosafirishwa, na jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa. Alama fiche inayorejesheka inagusa hasa hilo la mwisho. Inampa shahidi wa hospitali kitu cha kuonyesha zaidi ya kiapo chake: picha hii, saini hii, ufunguo huu, hesabu hii inayoweza kurudiwa na mtaalamu wa upande wa pili kwa kompyuta yake mwenyewe. Lakini itabidi shahidi huyo aeleze pia ufunguo ulikuwa kwa nani siku picha ilipopigwa, na hapo ndipo nahofia kesi nyingi zitakapokwama. Ufunguo wa siri usikae kwenye kompyuta ya mteknolojia mmoja, wala nywila yake isiandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya kioo. Ufunguo wa kuhakiki, ambao si wa siri, uhifadhiwe kwa muda uleule ambao picha zitahifadhiwa, hata kama mfumo umebadilishwa mara mbili na mtoa huduma amefunga ofisi. Na kila ufunguo uwe na daftari lake: ulianza lini, ulikoma lini, kwa idhini ya nani. Kazi hii ni ya ofisi ya kumbukumbu zaidi kuliko ya chumba cha kompyuta, na ningependa watunza kumbukumbu waidai.

Mwenyekiti, muda wangu umebaki kidogo na ningependa kuutumia kwa vitendo. Kwenye kompyuta iliyo mezani kuna picha ya kifua isiyo ya mgonjwa yeyote, ni ya mwanasesere wa mafunzo, nayo imeshatiwa alama kwa njia ya histogramu na kuwekewa saini. Naomba mteknolojia mmoja aje mbele, achague pikseli moja popote apendapo, aiongeze au aipunguze namba moja, na asituambie ni ipi. Kisha tutaendesha uhakiki, na baada yake tutairudia picha ambayo haikuguswa, tuitoe alama na tulinganishe SHA-256 yake na ya faili ya awali, herufi kwa herufi, kwenye ukuta huu ambapo wote mnaona.